SOMO LA AFYA: Damu Baada ya Kujifungua Hupimwa, Haikisiwi

Lengo la somo: Baada ya kusoma, mkazi aweze kueleza mwongozo mpya unavyobadilisha huduma kwa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na kazi inayobaki mikononi mwa familia.

Mtoto anapolia kwa mara ya kwanza, jamaa waliokaa nje ya wodi hushusha pumzi. Kwa mkunga, saa hiyo ndiyo ya kuwa macho zaidi. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kusababisha vifo vya uzazi duniani, na takriban akina mama 45,000 hufariki kwa sababu hiyo kila mwaka. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 355 hufariki kutokana na ujauzito au kujifungua. Vingi vya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa.

Mnamo Oktoba 5, 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, likishirikiana na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, lilitoa mwongozo mpya kuhusu tatizo hili. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, sera ya afya ni jukumu la serikali ya kitaifa, nazo zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti husimamiwa na serikali za kaunti. Kwa hivyo mwongozo wa aina hii humfikia mkunga kupitia miongozo ya Wizara ya Afya, mafunzo kazini na vifaa vinavyonunuliwa na kaunti. Mkazi anayeuelewa atajua la kutarajia, na la kuuliza.

Kwa nini damu hutoka

Ujauzito unapokomaa, nusu lita ya damu au zaidi hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika. Mtoto na kondo la nyuma wakishatoka, mfuko huo unatakiwa kukaza kama ngumi. Ukikaza, unaibana mishipa ya damu iliyokuwa wazi. Ukibaki mlegevu, damu huendelea kumwagika. Ulegevu huu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote.

Vyanzo vingine ni vitatu: kuchanika kwa njia ya uzazi, kipande cha kondo kubaki ndani, na damu kukosa kuganda.

Hatari huongezeka kwa mama mwenye mapacha au mtoto mkubwa, aliyekaa na uchungu kwa muda mrefu, au aliyewahi kutokwa na damu nyingi katika uzazi uliotangulia. Mwenye upungufu wa damu naye huwa hatarini, kwa sababu hata damu kidogo ikipotea hulegea upesi. Hata hivyo, wengi wanaopatwa na tatizo hili hawakuwa na dalili yoyote kabla. Ndiyo maana kila mama anapaswa kujifungulia mahali penye mhudumu aliyefunzwa, hata kama alizaa mara tatu au nne bila shida.

Kasoro ya kukisia kwa macho

Kwa miaka mingi mkunga alitazama damu iliyotoka, akakadiria kwa macho, kisha akaamua kama ni nyingi. Kukadiria huku hukosewa hata na mwenye uzoefu. Damu huingia kwenye leso, pamba na godoro. Nyingine humwagika sakafuni na kuchanganyika na maji ya uzazi. Mara nyingi kinachoonekana ni kidogo kuliko kilichotoka, na mama huanza kutibiwa akiwa tayari amedhoofika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha ukubwa wa kasoro hiyo. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuhusisha zaidi ya akina mama 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizoendelea na mazoea ya zamani, karibu nusu tu ya waliotokwa na damu nyingi ndio waliotambuliwa. Katika zile zilizopima damu na kutoa matibabu yote kwa pamoja, waliotambuliwa walikuwa zaidi ya 9 katika kila 10. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya kutokwa na damu, au kufariki kwa sababu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60.

Dawa zilizotumika zilikuwa zikijulikana tangu zamani. Tofauti ilitokana na kupima na kutochelewa.

Shuka yenye alama

Kifaa chenyewe ni rahisi: shuka ya plastiki yenye mfuko unaoning'inia, na juu ya mfuko huo kuna mistari inayoonyesha mililita. Mkunga huitandika chini ya makalio ya mama mara mtoto anapozaliwa, damu ikaingia mfukoni, naye akasoma kiwango.

Hapo awali, kipimo kilichozoeleka cha kusema mama ametokwa na damu nyingi kilikuwa mililita 500, sawa na chupa ndogo ya maji ya kunywa. Mwongozo mpya unataka mhudumu asingojee kiwango hicho ikiwa mwili wa mama umeanza kutoa ishara. Damu ikifika mililita 300, kiasi cha chupa ya soda ya glasi, na mapigo ya moyo yakawa ya kasi kupita kawaida au shinikizo la damu likashuka, matibabu yaanze. Ikifika mililita 500, yaanze hata kama ishara hizo hazijaonekana.

Chukua mfano wa mama anayejifungua usiku katika kituo cha afya. Dakika 20 baadaye shuka inaonyesha mililita 320. Mama anazungumza vizuri na mtoto ananyonya. Zamani huenda angeambiwa apumzike. Mkunga anampima na kukuta moyo unapiga zaidi ya mara 110 kwa dakika. Chini ya mwongozo mpya, mama huyu anatibiwa papo hapo, angali na nguvu.

Katika saa ya kwanza, mkunga hurudi kwa mama kila baada ya dakika 15 kutazama damu, kupima mapigo na shinikizo, na kugusa tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umekaza.

Hatua tano kwa pamoja

Kabla ya tatizo kutokea, kila mama hupewa dawa ya kukaza mfuko wa uzazi mara mtoto anapozaliwa. Inayotumika zaidi ni sindano ya oksitosini, ambayo huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu. Ipo pia kabetosini isiyoharibiwa na joto, inayofaa mahali ambapo umeme hukatika.

Damu ikizidi, wahudumu hawajaribu hatua moja, wangoje, kisha wajaribu nyingine. Zote tano hufanywa kwa mfululizo bila kupoteza muda:

1. Kukanda mfuko wa uzazi kupitia tumboni ili ukaze.
2. Kutoa dawa ya kuukaza zaidi.
3. Kutoa asidi ya traneksamiki, gramu 1 kupitia mshipa, ili damu igande. Dawa hii hutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kila dakika inayopita hupunguza faida yake.
4. Kumwekea mama dripu.
5. Kumchunguza kutafuta mchaniko au kipande cha kondo, na kuita msaada au kumpa rufaa ikiwa damu haijakoma.

Hatua ya kwanza huuma. Mkunga anapomwambia mama, "Mama, nitakubonyeza tumbo, vumilia kidogo," anaokoa maisha. Jamaa aliye karibu asimzuie. Vilevile mama mkwe au shangazi asikimbilie kumpangusa mama kwa leso kabla ya kumwuliza sista. Leso hunywa damu, na damu iliyomo kwenye leso haisomeki kwenye kipimo.

Kazi ya familia

Maandalizi huanza kliniki ya kwanza, si siku ya uchungu.

Damu ya mama. WHO inapendekeza mjamzito ahudhurie kliniki mara 8. Tembe za madini ya chuma na foliki anazopewa humezwa kila siku, hata anapojisikia vizuri. Zikimletea kichefuchefu, amwambie mhudumu badala ya kuziacha kimya kimya.

Usafiri. Familia ikubaliane mapema na dereva, pamoja na dereva wa pili iwapo wa kwanza hatapatikana usiku. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji aulizwe jinsi ya kuita ambulensi.

Uamuzi. Mume akiwa kazini mbali, pawe na mtu aliyekwisha kukubaliwa kuamua. Mama asicheleweshwe kwa sababu simu ya mtu mmoja haipatikani.

Malipo. Mama na jamaa zake wajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya siku kufika. Lakini anayetokwa na damu asibakizwe nyumbani kwa kukosa pesa au karatasi: Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Watoaji damu. Mama aliyepoteza damu nyingi huhitaji kuongezewa, na damu haitengenezwi kiwandani. Mtu mwenye afya njema, wa umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kujitolea bila kungoja mgonjwa wa kwao.

Baada ya kurudi nyumbani

Mama na mtoto wanashauriwa kukaa kituoni angalau saa 24. Hata baada ya hapo, damu nyingi inaweza kutoka katika wiki za kwanza. Mama apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, akiona lolote kati ya haya:

- Pedi mbili au tatu zinaloa ndani ya dakika 20 hadi 30.
- Damu inaongezeka badala ya kupungua, au mabonge makubwa yanatoka.
- Kizunguzungu, kuzimia, jasho baridi au moyo kwenda mbio.
- Homa, au uchafu unaotoka wenye harufu mbaya.

Gari likingojewa, mama alazwe, afunikwe apate joto, akojoe ikiwezekana, na mtoto awekwe kwenye titi, kwa maana kunyonyesha husaidia mfuko wa uzazi kukaza. Haya hufanywa wakati safari inaandaliwa. Hayachukui nafasi ya hospitali.

Sauti ya mkazi

Mwongozo bila vifaa hubaki karatasi. Shuka zenye alama, jokofu linalofanya kazi, dawa za kutosha na ambulensi yenye mafuta hutokana na bajeti. Vikao vya ushirikishwaji wa umma na kamati za vituo vya afya ndipo mahali pa kuyauliza haya kwa heshima na kupewa majibu.

Maswali ya kujadiliana katika chama, baraza au kikundi cha akina mama

1. Kwa nini kukadiria damu kwa macho ni hatari?
2. Mama ametokwa na mililita 300 na moyo wake unaenda mbio. Mhudumu anapaswa kufanya nini, na kwa nini asingoje 500?
3. Uchungu ukianza saa nane za usiku leo, ni nani katika boma lenu atakayeita gari, na ni nani atakayeamua?
4. Kituo chenu cha karibu kina shuka zenye alama na jokofu la dawa? Nani kati yenu atauliza?