MWEZI TUUONAO: MADOA YAKE, MAJINA YAKE NA WALIOUFIKIA



Kila Shaaban ikifika siku ya 29 tunapanda darini kuutafuta mwezi. Ukishaandama tunashuka, na hatuutazami tena mpaka Idi. Safari hii tuutazame ukiwa mpevu.

Katika mwezi wa tarehe 14 utaona madoa meusi, na kila nyumba ina hadithi yake juu ya madoa hayo. Watu wa Ulaya zamani waliyaita bahari, na jina limebaki mpaka leo ingawa hazina maji. Ni mabonde mapana yaliyojaa zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto la ndani ya Mwezi, yakamwagika juu na kuganda. Mengi yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Sehemu nyeupe ni nyanda za juu, kongwe zaidi, zilizojaa mashimo yaliyochimbwa na vimondo. Kwa kuwa Mwezini hakuna mvua wala upepo, shimo likishachimbika hudumu mno. Lile liitwalo Tycho, lenye upana wa kilomita 85, linakisiwa kuwa na miaka milioni 108, na miale yake bado inaonekana.

Mashimo hayo yana majina, na hapa ndipo panapotuhusu. Mwaka 1651 padri mmoja wa Italia, Giovanni Riccioli, alichapisha ramani ya Mwezi na kuyapa mashimo majina ya wataalamu. Hakuwasahau wa kwetu, ila majina yao aliyaandika Kilatini, na ndiyo maana wengi hatuwatambui. Albategnius ni al-Battani, aliyeupima mwaka wa jua akakosea kwa dakika mbili na ushei tu, naye hakuwa na darubini! Azophi ni Abdulrahman as-Sufi. Baadaye aliongezwa Alhazen, naye ni Ibn al-Haytham, aliyeandika risala nzima juu ya madoa ya Mwezi.

Kuhusu asili yake, wataalamu wengi wanaona kwamba yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita gimba kubwa kiasi cha sayari ya Mirihi liliigonga Dunia changa, na mabaki yaliyoruka yakakusanyika yakawa Mwezi. Dalili kubwa ni mawe yenyewe. Wanaanga wa Apollo walirudi na kilo 382, na yalipochunguzwa yakaonekana yanafanana sana na mawe ya Dunia.

Neil Armstrong alikanyaga Mwezini Julai 1969, na hadi Disemba 1972 walifika watu 12. Hapa sina budi kusema jambo. Imeenea barazani kwetu kwamba Armstrong alisikia adhana kule, kisha akasilimu. Mimi mwenyewe niliwahi kuisimulia darasani, hadi mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Ustadhi, kama kule hakuna hewa, sauti ilipita wapi?" Sikuwa na jibu. Nilipofuatilia nikakuta kwamba mwaka 1983 serikali ya Marekani iliziarifu balozi zake kuwa Armstrong, bila kutaka kuudharau Uislamu, anasema habari hizo si za kweli. Basi nilirudi darasani nikawaambia. Anayeipenda dini hana haja ya kuibebea uongo, hasa wakati ukweli upo: mtaalamu wa miamba kutoka Misri, Farouk El-Baz, alikuwa miongoni mwa waliochagua mahali pa kutua vyombo vya Apollo, na aliwafundisha wanaanga namna ya kuusoma uso wa Mwezi kutoka juu.

Upande wa pili hatuuoni kamwe, kwa sababu Mwezi hujizungusha kwa muda ule ule unaoizunguka Dunia. China ilitua huko mwaka 2019, na mwaka 2024 ikaleta udongo wake. India nayo ilitua karibu na ncha ya kusini mwaka 2023, kwani pande hizo, ndani ya mashimo yasiyofikiwa na jua, kuna barafu.

Ukipata darubini ndogo ya mkono, toka nje usiku wa tarehe 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu. Usitafute mwezi mpevu, maana mwanga mwingi huficha vivuli. Fuata mpaka wa mwanga na giza hadi karibu na katikati. Hapo kuna shimo pana lenye kilima kidogo ndani yake. Huyo ndiye al-Battani.