Mboga au Mbogo? Jiometri ya Herufi Nene

Mwuza mboga wa Maisaka, mjini Babati, akitaka kibao chake kisomwe na wapitao kwa gari, huenda akaagiza herufi nene kupita zote. Agizo hilo laonekana kuwa la busara. Lakini herufi ikinenepa kupita kiasi huacha kusomeka. Sababu yake yaweza kuelezwa kwa hesabu za darasani.

Jicho zima huweza kutenganisha mistari miwili iwapo nafasi iliyo kati yake hufanya pembe ya dakika 1, yaani sehemu ya 60 ya digrii 1. Nafasi hiyo ni milimita 3 hivi kwa kila mita 10 za umbali. Kimo cha herufi huhitaji nafasi tano za namna hiyo. Hivyo basi, ili isomwe kutoka mita 60, herufi yapasa kuwa na kimo cha milimita 90 angalau. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa humaliza mita hizo kwa sekunde 4 na kidogo.

Sasa ichorwe "o" kwa bikari, kipenyo chake milimita 100. Unene wa mstari ukiwa milimita 20, tundu la katikati huwa na milimita 60, nalo huonekana hata kutoka mita 200. Unene ukiwa milimita 40, tundu hubaki milimita 20 tu, na aliye mbali zaidi ya mita 67 hivi huona doa.

Katika mitindo mingi ya kijiometri, "a" ndogo ni "o" iliyoongezwa mstari wima ubavuni. Matundu yakizibika, tofauti ya herufi hizo hufifia. Katika Kiswahili, ambacho maneno yake mengi huishia kwa irabu, kosa hilo si dogo: mboga husomwa mbogo.

Wasanifu stadi hulitii jicho kuliko bikari. Mfano mashuhuri ni Futura, mtindo uliobuniwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa mwaka 1927 na kiwanda cha Bauer cha Frankfurt. Ndio uliotumika katika bamba lililoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Herufi zake huonekana kuwa za rula na bikari tupu, kumbe zimerekebishwa. "O" huzidi kidogo kimo cha "H", kwa kuwa duara huonekana fupi kuliko lilivyo. Na mistari ya kulala hupunguzwa unene, kwa kuwa huonekana minene kuliko ya wima.

Zoezi: Wanafunzi wachore "o" tatu zenye kipenyo cha milimita 30, na unene wa milimita 6, 9 na 12. Wazibandike ukutani, kisha warudi nyuma hadi kila tundu litoweke, na wapime umbali. Hesabu hutoa mita 60, 40 na 20. Matokeo yalinganishwe nayo. Mwanafunzi ambaye matundu humtoweka mapema mno kuliko wenzake yafaa apelekwe kupimwa macho.