Kitabu cha Picha cha Wanyama wa Kwetu

Mtoto wa Ibighi, wilayani Rungwe, akifungua kitabu cha picha, mara nyingi anakutana na simba, twiga na tembo. Hakuna ubaya, lakini mlima Rungwe unaouona ukiwa Tukuyu una kipunji, tumbili ambaye duniani kote anapatikana katika misitu ya Rungwe na Kitulo na ule wa Ndundulu kule Udzungwa tu. Wawindaji wa mlimani walikuwa wakimsimulia zamani. Watafiti walimwona mwaka 2003, wakamtangaza 2005. Kitabu chake mzazi au mwalimu anaweza kukitengeneza mwenyewe.

Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, uzikunje katikati. Utapata kurasa 16. Jalada liwe la manila. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Ingiza sindano yenye uzi imara tundu la kati kutoka ndani, rudi ndani kwa tundu la juu, teremka utokee nje tundu la chini, kisha rudi ndani kwa lile la kati ufunge fundo. Usitumie pini za stepla. Tukuyu ni mvua tupu, pini zitapata kutu na kuchafua karatasi.

Sasa picha, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Mnyama mmoja kwa kila ukurasa, mkubwa, bila majani mengi nyuma yake. Tafuta ile alama inayomtofautisha na wenzake, uichore kwanza. Kipunji ana nywele zilizosimama utosini, uso mweusi, manyoya marefu ya kahawia na mkia mrefu unaoishia kwa weupe. Ukisahau zile nywele za utosini umechora tumbili yeyote. Kinyonga mpe macho mawili yanayotazama pande tofauti, na vidole vilivyogawanyika kama koleo, vikiwa vimebana kijiti. (Watu wazima wengi wanamkimbia kinyonga, ukimchora kwa makini, huenda mtoto asirithi woga huo.) Ng'ombe wa nyumbani, kuku na chura wa mfereji nao wana haki ya ukurasa. Suruali na kofia usiwavalishe. Mtoto mdogo anataka kwanza kumjua mnyama alivyo.

Maneno yawe machache: sentensi moja, yenye kitendo. "Kipunji anaruka." "Kinyonga anasubiri nzi." Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka, na kama bibi yupo, muulize jina la Kinyakyusa uliweke chini. Usieleze kila kitu kilichomo pichani. Acha swali: anakwenda wapi huyu?

Wakati wa kusoma, mpe mtoto kitabu akishike yeye. Atarudia ukurasa mmoja mara kumi, mwache arudie. Atakigeuza juu chini, sawa tu.

Unyevu ndio adui mkubwa. Funika jalada kwa kava la nailoni kama daftari la shule, wala usikiweke chini sakafuni au kukiegemeza ukutani, maana kitaota ukungu. Rafu ya juu inayopitiwa na hewa inatosha. Kikichakaa kabisa ujue kimesomwa. Kata uzi, okoa kurasa nzima, shona kingine. Na kama mkono wako ni mzuri, tengeneza nakala ya pili uipeleke darasa la awali la shule ya jirani.