Akiba Haiozi. Je, Marashi?

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa kazi ya kuandika somo linaloweza kutumika nyumbani, nami nimechagua utunzaji wa marashi. Najua kuna watakaocheka na kusema, "Huyu naye! Karo inatusumbua, yeye anatuletea mambo ya kunukia." Ngojeni kwanza. Chupa moja nzuri yaweza kumgharimu mtu pesa za kibarua za siku kadhaa. Kwa mchuuzi, katoni moja ya chupa hizo ndiyo mtaji, ndiyo karo, ndiyo unga wa jioni. Kwa hivyo karo imo humu humu katika somo langu.

TUANZE NA LUGHA

Lugha yetu ni tajiri katika jambo hili. Neno manukato latokana na kunukia. Marashi ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, nalo lahusiana na kunyunyiza. Ndiyo maana mvua ndogo huitwa rasharasha, na chombo chenye shingo ndefu ambacho watu wa Pwani hukitumia kuwanyunyizia wageni marashi ya waridi arusini huitwa mrashi. Tunalo pia neno uturi, nao Waswahili wa Lamu, Mombasa na Unguja huongeza udi wa kufukiza na kikuba cha asumini.

Sasa angalieni vitenzi viwili: kunukia na kunuka. Kinachonukia kinapendeza, kinachonuka kinakera. Kati ya maneno hayo pana herufi moja tu. Hata dukani ni hivyo hivyo: marashi yanayonukia leo, yasipotunzwa, kesho yatanuka. Kutoka nukia hadi nuka si safari ndefu.

MARASHI NI NINI?

Marashi ya kupuliza yana vitu vitatu vikubwa: mafuta yenye harufu, alkoholi na maji kidogo. Chupa iliyoandikwa Eau de Parfum kwa kawaida huwa na mafuta ya harufu kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Ile ya Eau de Toilette huwa na asilimia 5 hadi 15, na Cologne huwa na asilimia 2 hadi 4 hivi. Yako pia marashi ya mafuta matupu yasiyotiwa alkoholi, ambayo hupakwa kwa ncha ya kidole. Hayo wauzaji huyapima kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66 hivi.

Harufu yenyewe si moja. Ukipuliza, kwanza utasikia harufu nyepesi, kama ya limau au chungwa. Baada ya dakika chache huja harufu ya maua. Mwisho hubaki ile nzito, kama ya msandali au vanila, inayokaa nguoni hadi kesho yake. Walimu wetu wa kemia wametufundisha kwamba molekuli nyepesi huenda mbio kuliko nzito. Basi hizo za limau ndizo za kwanza kutoroka, tena ndizo za kwanza kuharibika chupani.

MAADUI WANNE

Adui wa kwanza ni mwanga. Jua lina miale isiyoonekana kwa macho ambayo huvunja molekuli za harufu na kubadilisha rangi. Sisi huku tuko mlangoni mwa jua: Homa Bay ni nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na Migori ni digrii moja hivi. Chupa nyeupe ikiwekwa dirishani haina pa kujificha.

Adui wa pili ni joto. Joto huharakisha mabadiliko ya kemikali na huisukuma alkoholi itoke kupitia kila upenyo wa kifuniko. Nani kati yetu hajui nyumba ya mabati saa nane mchana? Ukipanga marashi juu ya kabati karibu na paa, umeyapanga jikoni.

Adui wa tatu ni hewa. Oksijeni huungana na mafuta ya harufu, hasa yale ya jamii ya limau, na kuyageuza kuwa kitu kingine. Chupa iliyojaa ina hewa kidogo, lakini iliyobaki robo ina hewa nyingi kuliko marashi. Ndiyo sababu ile robo ya mwisho huharibika upesi.

Adui wa nne ni kigeugeu, yaani joto leo, baridi kesho. Bafuni kuna mvuke wa maji ya moto asubuhi na ubaridi usiku. Kila chupa inapopata joto hewa iliyomo hutanuka, na inapopoa hujikunja, hivyo chupa ikawa kama inapumua.

YALIYOMPATA SHANGAZI

Shangazi yangu, waya kama tunavyosema kwetu, anauza marashi na mafuta ya kujipaka kwa meza ndogo sokoni Homa Bay. Kama wengine wote, alikuwa anazipanga chupa mbele kabisa, juani, ili zing'are na kuvuta macho ya wateja. Si wahenga walisema chema chajiuza?

Likizo moja ya Agosti nilitoka Migori nikapitia Rongo kwenda kumsaidia. Siku ya pili alikuja mama mmoja na chupa mkononi, amekasirika. "Mama, hii marashi uliniuzia ni maji tu. Ukipaka, ukifika stage imeisha!" Shangazi akaapa kwamba hajaongeza hata tone la maji. Yule mama hakuamini. Alirudishiwa pesa zake, lakini aliondoka akiwaambia wenzake kwamba pale kunauzwa bandia. Jioni hiyo shangazi hakuhesabu faida. Alihesabu wateja waliopungua.

Mimi sikuona kama shangazi ni mwongo. Nikamwomba chupa mbili ndogo za aina moja, zenye harufu ya limau, zilizotoka katoni moja. Moja tuliiacha mezani juani kila siku. Ya pili tuliifunga ndani ya sanduku lake la karatasi, tukaiweka chini, kwenye kona ile ya nyumba anapoweka dapi, mtungi wa maji ya kunywa. Kona hiyo ni baridi kwa sababu maji hupenya kwenye udongo wa mtungi na kugeuka mvuke, yakichukua joto. Hatukuliegemeza sanduku kwenye mtungi, lisije likalowa.

Baada ya wiki tatu tulizifungua mbele ya majirani wawili bila kuwaambia ipi ni ipi. Ile ya konani ilinukia limau kama siku ya kwanza. Ile ya juani rangi yake ilikuwa imegeuka, limau limepotea, na imebaki harufu ya mafuta yaliyokaa sana. Wote wawili walichagua moja, ile ya konani. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni jua limekuwa likiniibia."

Tangu siku hiyo mezani huweka maboksi matupu na chupa moja ya kuonjesha. Zenye mali hukaa ndani ya katoni chini ya meza, zimefunikwa kitambaa.

WAKUBWA HUFANYAJE?

Msidhani hii ni mbinu ya maskini. Katika mji wa Versailles, Ufaransa, kuna hifadhi ya marashi iitwayo Osmothèque iliyofunguliwa mwaka 1990. Humo marashi, hata ya zamani sana, huwekwa gizani, katika nyuzi 12 za Selsiasi, na nafasi iliyo juu ya marashi hujazwa gesi ya agoni badala ya hewa. Giza, ubaridi usiobadilika, bila oksijeni! Hayo ndiyo mambo tuliyoyatafuta kwenye kona ya dapi, isipokuwa agoni.

FANYA HIVI

1. Usitupe sanduku la karatasi la marashi. Hilo ndilo mwavuli wake.

2. Yaweke mahali pa giza na pa baridi: ndani ya sanduku la nguo, droo ya chini au chini ya kitanda. Si dirishani, si bafuni, wala si ndani ya gari lililoegeshwa juani.

3. Simamisha chupa wima na ukaze kifuniko kila ukimaliza.

4. Ukitaka kuyahamisha, tumia chupa ndogo ya glasi, safi na kavu, uijaze karibu hadi shingoni. Epuka plastiki yoyote uliyookota, kwa maana mafuta ya harufu huweza kuila. Chupa ya dawa ya kikohozi nayo haiachi harufu yake haraka.

5. Mwenye friji aweza kuitumia, lakini umeme ukipotea mara kwa mara kigeugeu kinarudi. Na kama humo mna omena, sanduku lako litatoka likinukia ziwa.

6. Marashi yenye alkoholi hushika moto kwa urahisi. Yaweke mbali na jiko, koroboi na mshumaa. Hili si la harufu tena, ni la uhai.

7. Tazama nyuma ya sanduku. Ukiona picha ya kikopo kilichofunuliwa na maandishi 36M, maana yake ni miezi 36 tangu siku ulipoyafungua.

UTAJUAJE YAMEHARIBIKA?

Harufu ya mwanzo huwa kali kama siki au nzito kama mafuta yaliyochacha. Rangi pia yaweza kukolea, ingawa rangi peke yake si ushahidi kamili, kwa kuwa marashi yenye vanila hukolea yenyewe. Ukijipaka ukawashwa au ukatoka vipele, acha mara moja. Mafuta ya harufu yaliyoungana na oksijeni huweza kudhuru ngozi.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Eleza tofauti ya kunuka na kunukia, utunge sentensi mbili.

(b) Kwa nini robo ya mwisho ya chupa huharibika upesi?

(c) Taja mahali pawili nyumbani kwenu panapofaa kuwekwa marashi, na utoe sababu.

Wenzangu, wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nawaomba ruhusa niongeze kidogo: akiba haiozi ikiwekwa panapofaa. Na ukimkuta mchuuzi ameanika chupa zake juani, usikimbilie kumwita tapeli. Mwambie kwa heshima azitie kivulini, na umweleze sababu. Huenda ukawa umemwokolea karo ya mtoto wake.