Nauli Nafuu Ziwani: Uliza Kabla ya Kupanda

Mke na mume, mabegi mgongoni na fedha za kuhesabu, wameshuka treni Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati. Wamekwenda Ujiji kwa daladala, wakaona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Sasa wanataka kufika vijiji vya mwambao kwa boti.

Tuseme ufukweni Kibirizi wanaambiwa nauli ya wawili itapunguzwa, kwa kuwa jaketi la kujiokolea limebaki moja. Wasikubali. Jaketi ni sehemu ya huduma wanayolipia, wala haliuzwi wala kupunguziwa bei. Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470, na upepo huweza kuinua mawimbi hata jua likiwaka. Wasubiri chombo kingine, ingawa watalipia gesti usiku mmoja zaidi.

Kabla ya kulipa, kila msafiri adai tiketi na ahakikishe jina lake limo katika orodha ya abiria. Ajali ikitokea, orodha hiyo ndiyo huonyesha nani anatafutwa. Aulize pia jambo ambalo wengi husahau: je, chombo kitafika gatini? Vijiji vingi havina gati. Meli husimama majini, na mtumbwi wa kumfikisha abiria nchi kavu huweza kutozwa nauli yake peke yake, kwenda na kurudi.

Malalamiko ya vyombo vya majini hupokelewa na TASAC, ya daladala na LATRA. Tunza tiketi, na uandike namba ya chombo kabla hakijaondoka.