Somo la Mwezi: Ruta Mbili Katika Nyumba Moja



Wengi wenu mmeuliza namna ya kuifikisha intaneti kwenye banda la nyuma, mahali pa kupimia na kuanikia karafuu, ilhali ruta iko ukumbini. Swali hili ni jema. Siku hizi utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutufikia kwa simu, na karafuu iliyo juu ya jamvi haingoji. Ikinyeshewa hupoteza rangi na kufanya ukungu, na jasho la wachumaji hupotea nayo.

Mawimbi ya ruta hayafiki bandani kwa sababu kuta zetu za mawe ni nene, na mabati huyazuia. Dawa yake ni kuvuta waya wa mtandao mpaka bandani na kuweka ruta ya pili huko. Kazi hii si ngumu, ila ina kosa moja ambalo wengi hulifanya, na mimi mwenyewe nililifanya.

Msimu uliopita nilinunua ruta ya pili, nikaitoa katika boksi, nikaichomeka waya, nikadhani nimemaliza. Simu za bandani zilionyesha alama kamili, lakini hakuna kilichoingia. Habari ya mvua ilifika katika simu ya mke wangu ukumbini. Alipotoka mbio kutuita, matone yalikwisha anza. Majamvi matatu yalirowa.

Kosa lilikuwa nini? Fikirini karani wa kambi wakati wa uchumaji. Yeye humpa kila mchumaji namba yake. Wakiketi makarani wawili, kila mmoja akitoa namba bila ya kumwuliza mwenziwe, watu wawili watashika namba moja, na jioni malipo hayajulikani ni ya nani. Ruta nayo ni karani: kila simu inayoingia hupewa namba, yaani anwani. Zaidi ya hayo, ruta inayotoa anwani huiambia simu, “Pita kwangu ukitaka kutoka nje.” Ruta yangu ya pili ilisema hivyo, na njia ya kutoka nje haikuwa nayo.

Basi kanuni ni hii: nyumba moja, mgawaji mmoja. Ruta ya ukumbini igawe. Ya bandani ipitishe tu. Fuateni hatua hizi:

1. Jueni anwani ya ruta ya kwanza. Mara nyingi imebandikwa chini yake. Tuseme ni 192.168.1.1, nayo hugawa anwani kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199.

2. Ruta ya pili msiiunge bado na ya kwanza. Iungeni kwa waya na kompyuta peke yake, katika tundu lililoandikwa LAN. Fungueni ukurasa wake kwa anwani na neno la siri vilivyobandikwa chini yake.

3. Badilini anwani yake iwe 192.168.1.2. Namba hii haifanani na ya ruta ya kwanza, wala haimo katika zile zinazogawiwa. Hifadhini, kisha ingieni tena kwa anwani hiyo mpya.

4. Wekeni jina la waifai na neno la siri sawasawa na ya ukumbini, ili simu ihame yenyewe mtu anapotembea. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Kama ruta ya kwanza hutumia mkondo 1, hii itumie 6 au 11, zisiingiliane.

5. Mwisho kabisa, zimeni ugawaji wa anwani, ulioandikwa DHCP. Hii ndiyo hatua niliyoiruka.

6. Sasa vuteni waya kutoka tundu la LAN la ruta ya kwanza mpaka tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN la ruta ya pili liachwe tupu. Waya usizidi mita 100.

Ruta nyingine zina chaguo lililoandikwa AP. Mkilichagua, ruta huacha kugawa yenyewe, na hatua ya 3 na ya 5 hazihitajiki. Someni karatasi yake mjue waya uingie tundu gani.

Baada ya hapo jaribuni. Simameni bandani, zimeni waifai ya simu, iwasheni tena, kisha tazameni anwani iliyopewa. Ikiwa ni baina ya 192.168.1.100 na 192.168.1.199, na habari zinaingia, kazi imekwisha. Msiridhike na alama za mawimbi tu, kwani mimi nilikuwa nazo zote.

Neno moja la tahadhari. Waya unaopita uani uwe wa kutumika nje, nao upitishwe ndani ya bomba la plastiki. Radi inapokaribia, chomoeni waya huo pande zote mbili, pamoja na umeme wa ruta, kabla ngurumo hazijafika kwenu.

Fanyeni kazi hii sasa, kabla ya msimu kufunguka. Karafuu zikisha kuwa juu ya majamvi, hakuna atakayepata nafasi ya kusoma namba zilizo chini ya ruta.