Jimu ya Bei Kubwa au ya Mtaani? Darasa la Mwili, Mfuko na Sharti



Ndugu zangu katika imani, katika darasa zetu tunasoma sana kuhusu twahara, swala na ndoa. Juu ya namna mwanafunzi anavyotumia pesa kidogo aliyonayo tunasoma kwa nadra, ingawa jambo hilo linatukuta kila mwezi. Mwanzoni mwa muhula huu swali moja limeletwa kwangu na wenzetu kadhaa, wa kiume na wa kike: nijiunge na jimu gani? Kuna zile za Nyarutarama na Kimihurura, zenye vioo ukutani, mashine mpya, bafu la maji moto na mapokezi kama ya hoteli. Kuna pia zile za Nyamirambo na Biryogo, chumba kimoja chenye bati juu, vyuma vilivyochomelewa na fundi wa mtaani, pengine na makopo yaliyojazwa saruji yakaunganishwa kwa bomba.

Wengine watasema hilo ni swali dogo. Mimi naliona kubwa, kwa sababu ndani yake yamo mambo matatu ambayo Muislamu ataulizwa: mwili, mali na wakati. Tulitazame hatua kwa hatua.

Mwili ni amana

Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Katika Sahih Muslim imo hadithi mashuhuri inayompa ubora muumini mwenye nguvu juu ya dhaifu, huku ikisema kwamba kila mmoja wao ana kheri. Nguvu ya imani ndiyo ya kwanza hapo, na wanazuoni hawakuuacha nje mwili unaoitumikia imani hiyo. Kwa hiyo mazoezi si anasa. Mwanafunzi anayekaa kitini tangu asubuhi hadi usiku, akala chapati na chai, akalala, anaupunja mwili haki yake.

Haki hiyo ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Mwenzetu anayetembea dakika 25 kwenda chuoni na 25 kurudi, siku tano, tena juu ya vilima vya Kigali, amekwisha pata dakika 250. Sehemu ya kwanza ameitimiza bila kulipa hata faranga moja. Kilichobaki ni misuli, siku mbili tu. Basi anachohitaji kununua ni kidogo kuliko anavyodhani: mahali pa kunyanyua vyuma mara nane kwa mwezi.

Mali bila daftari huisha bila habari

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme jimu ya juu inatoza faranga 60,000 kwa mwezi, na moto ya kwenda na kurudi ni 1,600. Jimu ya mtaani inatoza 1,000 kwa siku, na unafika kwa miguu.

Ukienda mara nane kwa mwezi, ya juu inakugharimu 60,000 za ada na 12,800 za moto, jumla 72,800. Ya mtaani ni 8,000. Tofauti ni 64,800 kwa mwezi, na kwa muhula wa miezi minne ni 259,200. Hapo wengi wetu tunazungumzia kodi ya chumba.

Na ukilegea? Mitihani ikikaribia ukaenda mara nne tu, ya juu inakuwa 66,400, yaani kila ziara imekugharimu 16,600. Ya mtaani inakuwa 4,000, kwa kuwa siku usiyokwenda hulipi.

Usidhani kulegea ni kwa wavivu peke yao. Watafiti wawili wa uchumi, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichunguza jimu tatu za Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Waliochagua kulipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikwenda kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, na hali jimu hizohizo zilikuwa na kadi ya ziara kumi ambayo ingewatoza dola 10 kwa ziara. Watu hao walijua kuhesabu. Tatizo ni kwamba siku ya kulipa mtu hupiga hesabu kwa bidii anayoitamani, kisha mwezi mzima huishi kwa bidii aliyonayo.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza: lipa kwa tabia uliyonayo, si kwa tabia unayoitamani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Mara mbili kwa wiki mwaka mzima mtaani ni bora kuliko wiki tatu za moto mkali penye vioo.

Je, kulipa ghali ni israfu?

Tusiwe wepesi wa kuharamisha. Katika Surat al-Furqan, aya ya 67, waja wa Rahmani wanasifiwa kwa kutumia mali bila kupita kiasi na bila ubahili, wakisimama katikati. Katikati hiyo haipo mahali pamoja kwa watu wote. Mfanyabiashara aliyetoa zaka, akalisha nyumba yake, asiye na deni, akilipa jimu ya bei kubwa hatuna la kumlaumu.

Wanazuoni wa usuli, akiwemo Imam al-Shatibi, wamepanga maslahi ya binadamu katika daraja tatu: dharura, haja na mapambo ya maisha. Kuulinda mwili usiharibike kunaingia katika daraja mbili za mwanzo. Taulo jeupe, kioo kirefu na juisi mlangoni viko katika ya tatu. Ya tatu ni halali, mradi isile fungu la zile mbili.

Sasa tujitazame sisi. Pesa tuliyonayo wengi wetu si yetu kwa jasho letu. Baba anaendesha lori hadi Dar es Salaam na kurudi. Mama anauza vitenge. Kaka mkubwa anakatwa mshahara. Wametuma pesa wakasema, hii ni ya chakula, hii ni ya kodi, hii ni ya vitabu. Pesa iliyotumwa kwa jambo maalumu ni amana. Kuihamisha kwenye ada ya jimu bila aliyetuma kujua si suala la israfu tena, ni suala la uaminifu. Mpigie simu mzazi umweleze. Akiridhia, umesalimika. Ukiona haya kumtajia bei hiyo, basi haya yako imekwisha kukupa jibu.

Na mwenye deni kwa mwenzake alipe deni kwanza.

Lakini rahisi huwa ghali

Nisije nikaeleweka kuwa ya mtaani ndiyo jibu la kila mtu. Kabla ya kuandika somo hili nilizitembelea jimu nne, mbili za juu na mbili za mtaani. Mojawapo ya zile za mtaani nisingemshauri mtu aiingie: benchi la kulalia lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, waya wa mashine ya kuvuta ulikuwa umeanza kukatika nyuzi, na hapakuwa na mtu wa kumsimamia anayenyanyua chuma kizito kifuani. Ya pili ilikuwa duni kwa sura, lakini kila kitu kilikuwa kimekazwa, na mwalimu alimrudisha kijana nyuma akamwambia apunguze uzito mpaka mgongo unyooke. Bei zao zilikaribiana sana.

Kwa hiyo usiangalie rangi ya ukuta. Angalia haya:

1. Benchi, waya na vishikio ni vizima? Vitikise kwa mkono kabla ya kulala chini yake.
2. Yupo mwalimu anayesahihisha wanaoanza, au kila mtu anajifanyia?
3. Hewa inapita?
4. Kuna mtu anauza vidonge au sindano za kukuza misuli? Ukiona hivyo ondoka, hata kama jimu ni ya bure. Dawa za homoni zisizo na daktari zinaweza kuharibu moyo, ini na uzazi.
5. Unaruhusiwa kuvaa nguo ya sitara? Wanazuoni wengi wanasema uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, basi kaptula fupi haitufai hata kama wote wamevaa hivyo.

Swala katikati ya vyuma

Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo Magharibi hapa Kigali huingia karibu na saa 12 jioni mwaka mzima. Jimu nazo, za juu na za chini, hujaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Anayeingia saa 11 na nusu amejiwekea mtego. Uliza kama pana mahali pa kuswali, au kama msikiti uko karibu. Hapa jimu ya Nyamirambo ina faida ambayo ya bei kubwa haiwezi kuinunua: msikiti uko karibu.

Kumbuka na Ramadhani. Wengi hupunguza au huacha vyuma mwezi huo. Ada ya mwaka haikujui umefunga. Ya kulipa kwa siku inakungoja.

Fungu la dada zetu

Hapa ndipo somo linapokuwa zito. Kaka akisema "nenda ya mtaani, ni nafuu," mara nyingi hajajiuliza dada yake ataingiaje. Jimu nyingi za mtaani ni chumba kimoja, wanaume tupu, bila mahali pa kubadilisha nguo. Baadhi ya zile za juu zina saa za wanawake. Kwa dada, basi, tofauti ya bei mara nyingine si ya vioo na taulo, ni ya sitara. Na sitara kwake si pambo. Dada aliyekubaliana na wazazi wake akalipa zaidi ili apate mahali pa faragha, asisutwe kwa israfu.

Lakini ipo njia ya tatu. Nilimuuliza mwenye ile jimu nzuri ya mtaani ni saa ngapi hana wateja. Akajibu, saa 3 hadi saa 5 asubuhi chumba ni kitupu. Nikamuuliza, wakija dada kumi na mbili siku mbili kwa wiki, wakalipa bei ileile ya siku, atafunga mlango na kuwaachia wao na mwalimu wa kike? Akasema kwake hiyo ni pesa ambayo sasa hivi haingii, yuko tayari, mradi idadi isipungue kumi na mbili. Mmoja wetu peke yake hawezi kupata sharti hilo, jumuiya inaweza. Dada wenye nafasi saa hizo wamwone katibu wa akina dada ili orodha ikamilike.

Soma mkataba kabla ya kutia saini

Kulipa jimu ni ijara, yaani kukodi manufaa, na ijara huswihi pale manufaa, muda na malipo vinapojulikana. Uliza: nikiugua, siku zangu zinasimamishwa? Nikiacha, narudishiwa? Mkataba unajihuisha wenyewe na kukata pesa kwenye simu? Usitie saini kisha ukalalamika, kwa kuwa Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Na ukiweza, lipa kwa mwezi au kwa siku, si kwa mwaka.

Na asiye na kitu kabisa?

Asidhani mlango umefungwa. Tangu mwaka 2016 Kigali ina Jumapili za barabara bila magari, na watu hukimbia na kufanya mazoezi pamoja bila kiingilio. Chumbani zipo pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na jerikani la maji la kunyanyua. Vilima viko pale pale.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Mwezi uliopita ulifanya mazoezi mara ngapi kwa hakika? Ukigawa ulicholipa kwa idadi hiyo, ziara moja ilikugharimu nini?
2. Kama hakuna atakayekuona wala kupiga picha mbele ya kioo, bado ungechagua jimu ile ile?
3. Anayekutumia pesa anajua inakwenda wapi?

Siku ya Kiyama tutaulizwa kuhusu ujana tuliumalizia wapi, na mali tuliichuma wapi na kuitumia katika nini. Ada ya jimu imo ndani ya maswali yote mawili. Allah atupe afya ya kumuabudu, na mkono usiobana wala kumwaga. Amin.

Wabillahi tawfiq.